Baraka ya Mara Moja

13 mwezi wa pili

Msichana wa kituo cha afya amenipa daftari la kurasa tisini na sita kana kwamba mimi ni mwanafunzi. Amechora mistari kwa rula: saa, neno lililokuja, nimefuta mara ngapi. Nimemwambia nina mashine ya kusaga hapa Kasenga tangu miaka kumi na moja, nilianza na mabeseni mawili ya muhogo mkavu kichwani, na hakuna mtu aliyenifundisha kuhesabu. Akasema, "Njo maana nakupatia weye kazi ya kuhesabu, mama." Jina lake Fabiola. Ni mwanasaikolojia, watu wa hapa wanamwita mganga wa mawazo. Ana miaka ishirini na sita hivi, na anavaa viatu vyeupe katika mji wenye matope haya.

Niandike kwa nini niko kwake, juu wengine wataeleza vibaya. Binti yangu Alliance anaolewa tarehe 11 mwezi wa tano na Franck, kijana wa Lubarika. Katika familia yetu msichana hatoki nyumbani bila baraka. Anapiga magoti mlangoni, mzazi anaweka mkono kichwani mwake, anasema maneno kwa sauti, watu wote wanasikia, kisha msichana anavuka kizingiti. Baba yake, Ildephonse, alishakufa. Nimebaki mimi. Na mimi, kila nikitaka kusema neno zuri juu ya mtoto wangu, neno baya linatangulia ndani ya kichwa. Afe. Asizae. Mungu amtupe. Silitaki, nalichukia, na linakuja. Basi nalifuta. Nasema, "Si mimi, Bwana, futa," mara saba kwa pumzi moja, na nikikatizwa naanza upya.

Miaka miwili iliyopita, ndoa ya mwanangu mkubwa Venant, nilianza baraka, nikaingiwa na shaka, nikaanza tena. Nilirudia mara saba, mpaka wazee wakaniondoa mkono kichwani mwa mtoto. Mwaka uleule mimba ya bibi yake, mkewe wa ndoa hiyo, ikatoka. Tangu hapo wifi yangu Pétronille, dada ya Ildephonse, ana neno la kusema. Sasa ametangaza kwamba safari hii baraka ataitoa yeye.

Ndiyo maana nakwenda kwa mtoto mwenye rula.

14 mwezi wa pili

Neno limekuja mara 31 kabla ya saa sita. Kila mara nafuta saba: 217. Mvua.

15 mwezi wa pili

Mara 38. Mvua.

16 mwezi wa pili

Leo amenipa jina la ugonjwa. Kwa Kifaransa ni herufi tatu, TOC, ugonjwa wa mawazo yanayojileta na vitendo vya kurudiarudia. Miaka kumi na tatu nimeubeba, nimefunga chakula siku tatu tatu mara sita, nimepakwa mafuta ya maombi mpaka mto wangu ukanuka kama wa mkaanga samaki, na kumbe yote yanaingia katika herufi tatu. Anasema kuna watu unawashika kwenye uchafu, wananawa mikono hadi ngozi inatoka. Wengine unawashika kwenye mambo ya Mungu.

"Inashikaka pahali unajali," alisema. "Kama haungependa mutoto, lile neno lingepita tu kama kelele ya pikipiki."

Nikamwomba kitu kimoja tu. Aniambie: Mungu anasikia lile neno baya, au anasikia ninapofuta?

Akanyamaza. Nikarudia swali. Akanyamaza. Mara ya tatu akasema, "Minye nasali kama weye, mama. Lakini hilo swali sitalijibu."

"Juu ya nini?"

"Juu nikijibu leo, kesho utarudi nalo. Ulisha jibiwa mara ngapi?"

Nimetembea chini ya mvua ili mtu aninyamazie! Nimerudi na hasira mpaka Kasenga, na kwa hasira hiyo nimesahau kufuta nusu saa nzima. Hilo sitamwambia.

20 mwezi wa pili

Amechora ngazi ya vidato kumi. Cha kwanza: kuita jina Alliance mara moja na nisifute. Cha tano: kumtakia safari njema akienda sokoni. Cha tisa: kuandika hofu yangu yote na kuisoma kwa sauti. Cha kumi: baraka, mara moja, bila kurudia. Kila kidato nakitilia hofu yake, kutoka 0 hadi 10.

Nikamuuliza ni kipimo gani hiki kisicho na jiwe. Mimi nikipima unga kuna mzani, na mteja anaona mshale.

"Muzani ni weye," akasema.

Kidato cha kumi nimekitilia 10. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ningetia 14 kama karatasi yake ingekubali.

23 mwezi wa pili

Kidato cha kwanza. Nimeita, "Alliance!" Hofu 6. Nilikaa juu ya gunia, mikono kati ya magoti, dakika 35.

"Mama, uliniita?"

"Ndiyo."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Akaniangalia kama unavyoangalia mbuzi aliyeingia kanisani.

28 mwezi wa pili

Mkanda wa mashine umekatika saa tatu asubuhi. Akaja Toussaint, fundi wa motere, mzee anayezungumza zaidi ya anavyokaza bolti. Akalala chini ya mashine, na kukawa kimya.

Hapa niandike ukweli. Ile mashine naipenda kwa kelele yake. Miaka kumi na moja nimefutia ndani ya kelele ile. Wanawake kwenye foleni wanaona midomo inacheza, wanadhani naimba.

Toussaint akainua kichwa. "Mama Alliance, uko unaongea na nani?"

"Na motere."

"Motere imekufa, mama. Uko unaiombea ifufuke?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, ila uso tu. Akabaki pale mpaka saa sita, na mimi kwa aibu sikuweza kusogeza mdomo. Neno lilikuja saa tatu na dakika arobaini: Afe. Hofu 8. Sikufuta, sikuwa na pa kufutia. Saa nne, 8. Saa nne na nusu, 5. Saa tano, 3. Hakuna aliyenisaidia. Ilishuka yenyewe.

Jioni nimeketi na daftari. Nimechukua siku kumi na nne nikatafuta muda kati ya kufuta na neno kurudi. Wastani ni dakika sita. Siku nilizofuta zaidi ni dakika nne. Nimehesabu mara ya pili kwa mistari mingine, jibu ni lile. Maana yake kila ninavyofuta zaidi, linarudi upesi zaidi. Mfanyakazi wa namna hiyo kwenye mashine yangu asingefika siku ya pili.

1 mwezi wa tatu

Nimemwonyesha Fabiola hesabu. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mama, hii njo nilikuwa natafuta namna ya kukufundisha polepole."

Nikamwambia mimi polepole sina. Tarehe 11 mwezi wa tano natakiwa niwe nimemaliza. Akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini, akaacha. Nilikuwa nimemkosea kidogo huyu mtoto. Kidogo tu.

5 mwezi wa tatu

Ameuliza kama kuna mtu mwingine anayenisaidia kufuta. Nikasema kuna akina mama kumi na wawili.

Akaweka kalamu chini.

Nikamweleza. Mama Olga, rais wa akina mama wa kanisa letu, alipanga mnyororo wa maombi juu yangu. Akina mama kumi na wawili, kila mmoja na saa yake, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Saa yako ikifika unanipigia simu: "Mama Geneviève, yote imefutwa kwa jina la Yesu. Amina." Miezi kumi na minne sasa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa saa yake, hata mwenye malaria, hata aliyezaa. Mimi mwenyewe niliona ni upendo, na ni upendo. Ila nikitazama hesabu yangu ya dakika sita, ni watu kumi na wawili wanaomwaga mafuta kwenye moto wakidhani ni maji.

"Itabidi uwaambie waache," Fabiola akasema.

Huyu ni mtu wa Bukavu. Hajui maana ya kumwambia Mama Olga aache kuomba.

10 mwezi wa tatu

Baada ya ibada nimemwambia.

"Unakataa maombi?" Olga akasema, mbele ya watu. "Geneviève, hata shetani hajawahi kutuambia ile maneno uso kwa uso!"

"Sikatai maombi. Muniombee mvua ipungue, muniombee mashine, muniombee magoti yangu. Lile neno moja tu, muliache."

"Ule mutoto wa viatu nyeupe njo anakufundisha?"

"Hesabu yangu njo inanifundisha."

Alikubali kwa mdomo.

11 mwezi wa tatu

Wamepiga sita. Olga anapunguza kama mtu anayeacha sukari.

12 mwezi wa tatu

Mvua. Sita.

19 mwezi wa tatu

Ziwa limepanda tena. Watu wa chini ufukweni wamebeba magodoro kichwani tangu alfajiri, watoto wanashika kuku. Saa nne, ambayo ni saa ya Olga, simu ikalia. Nikasikia maji yanapigapiga.

"Mama Geneviève, yote ime…"

"Olga, uko wapi?"

"Mu nyumba. Maji iko ku magoti. Yote imefutwa kwa…"

"Toka mu maji!"

"Acha nimalize, ni saa yangu!"

"Usimalize! Toka, beba vitu, kuja kwangu. Na usinifutie tena hata siku moja. Unasikia? Utalala hapa bure, lakini kufuta, hapana!"

Amefika saa saba na sufuria mbili, godoro na Biblia ndani ya plastiki. Kiasi cha kulia nilikilia nyuma ya mashine. Mwanamke maji yanamfika magotini anakumbuka saa yangu. Nimempa chumba cha magunia. Hatujaongea juu ya mnyororo. Leo jioni hakuna aliyepiga.

Hofu 9, dakika sabini. Kisha 4.

20 mwezi wa tatu

Hakuna simu. Neno mara 22. Nimefuta mara 5.

26 mwezi wa tatu

Kidato cha sita: Alliance asinijibu tena. Nimesahau kuandika kwamba yeye naye hunijibu. Nikitilia shaka namuuliza, "Sijakulaani?" Naye anasema, "Hapana mama, hujanilaani." Fabiola alimwita leo akamweleza mbele yangu kwamba kuanzia sasa ajibu hivi: "Ile ni swali ya ugonjwa, sitaijibu."

Nilidhani mtoto ataumia. Alliance akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Tangu lini unamujibia?" Fabiola akamuuliza.

"Tangu baba amekufa. Nilikuwa na miaka tisa."

"Mara ngapi kwa siku?"

Alliance akanitazama. Akainamisha kichwa. "Arobaini hivi."

Nimerudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo sikuombwa. Arobaini mara siku 365 ni 14,600. Mara miaka kumi na tatu ni 189,800. Mtoto wangu amesema "hujanilaani" mara laki moja na themanini na tisa elfu na mia nane. Nilikuwa naogopa kumwekea mzigo kwa neno moja la kichwani, na huku namtwika huu kila siku kwa mdomo wangu.

Sikumwomba msamaha mara saba. Nimemwomba mara moja, tukiwa tunaosha vyombo.

"Sawa, mama," akasema. "Leta ile sahani."

2 mwezi wa nne

Cha tisa. Nimeandika karatasi pamoja na Fabiola, na kila siku naisoma kwa sauti dakika ishirini, mlango umefungwa:

"Labda neno langu baya lilisikika. Labda Alliance atapatwa na kitu juu yangu. Labda hatazaa. Sitajua kamwe kwa hakika. Sitafuta."

Leo ni mara ya kwanza. Hofu 10.

5 mwezi wa nne

9.

8 mwezi wa nne

7. Mvua imevunja ukuta wa jirani.

12 mwezi wa nne

5. Leo katikati ya kusoma nilifikiria mchele. Nimeshangaa kama mtu aliyejikuta anasinzia kwenye mazishi.

17 mwezi wa nne

Karatasi haipo. Ilikuwa chini ya godoro langu. Olga naye hayupo, ametoka asubuhi na mwavuli wangu.

18 mwezi wa nne

Pétronille ameitisha kikao cha familia kwa siku ya posho, yaani Jumamosi. Mwavuli umerudishwa, umeegemezwa mlangoni. Olga amehamia kwa Pétronille.

20 mwezi wa nne

Kikao. Nitaandika yote.

Tulikaa sebuleni kwangu, juu ya viti vyangu, wakinywa chai yangu. Pétronille katikati. Olga kando yake, hanitazami. Venant ukutani. Alliance mlangoni, amekunja mikono. Wazee wawili wa ukoo wa Ildephonse, mmoja amesinzia tangu mwanzo.

Pétronille akatoa karatasi kwenye mkoba. "Kuna muntu hapa anaandika kama mutoto wetu hatazaa. Anasoma kila siku, mulango imefungwa. Olga amesikia na masikio yake, siku kumi na tano. Sisemi ni uchawi. Nauliza tu, familia: ile kitu inaitwa namna gani?"

Olga akasema polepole, "Mama Geneviève, minye nilikusikia. Nilitetemeka. Sikujua nifanye nini."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utanijibu."

Pétronille akaendelea. Baraka ataitoa yeye. Mimi nikae jikoni siku ile, niseme naumwa, watu wa Lubarika wasijue. Kisha sauti yake ikabadilika. "Minye sina mutoto. Huyu moja tu njo nilibeba ku mugongo, wakati weye ulikuwa unatembeza muhogo. Akipatwa na kitu, roho yangu njo itaniuliza."

Ni kweli alimbeba. Miaka miwili, kila siku, jua na mvua. Nilikuwa nimeamua kumchukia kikao kizima, na hapo katikati nikashindwa. Lakini kumwelewa ni jambo moja, na kumwachia mlango wangu ni jambo lingine.

Nikamgeukia Venant. "Na weye?"

Akasema, "Mama, ulirudia mara saba. Bibi yangu mpaka leo anauliza, ile mara ya ngapi njo ilikuwa ya kweli."

Neno likaja palepale, juu ya mwanangu, kubwa kama gari. Hofu 10. Midomo ikataka kwenda. Kila mtu aliiona midomo. Mashine ilikuwa imezimwa.

Nikasimama, nikachukua karatasi mkononi mwa Pétronille. Hakuiachia mara moja, tuliivuta kidogo.

"Mulisikia kupitia ukuta," nikasema. "Sasa musikie vizuri."

Nikasoma. Yote, kwa sauti ya kuita wateja. Nilipofika "labda hatazaa" mzee aliyelala akaamka. Pétronille akaziba masikio. Nikamaliza: "Sitafuta." Nikaketi.

Nikawaambia: "Hii njo iko mu kichwa yangu miaka kumi na tatu. Munadhani karatasi njo imeileta? Nilifuta mara mia mbili kwa siku, na bado ilikuwa pale. Ningekuwa mulaani, nisingekosa usingizi juu yake. Niko mugonjwa, na niko napona, na niko mama yake. Ile siku, minye njo nitasimama ku mulango."

"Na ukianza kurudia?" Pétronille akauliza. "Watu wa Lubarika wako pale wanakutazama, unarudia mara saba, mara kumi?"

Nikasema kweli: "Sijui."

Ndipo Alliance akafungua mikono. "Tantine, weye ni shangazi yangu, nakuheshimu, ulinibeba. Lakini nitapiga magoti mbele ya mama. Akisema, nimesikia. Akishindwa kusema, nitaondoka na kimya yake. Mara ya kurudia njo sitangoja."

"Hautangoja namna gani?"

"Nitasimama nitoke."

Mzee aliyekuwa amelala akasema huyo ni mtoto wa Ildephonse kabisa, akaomba chai.

Sasa wamekwenda. Sijafuta. Imenichukua saa mbili na nusu kushuka mpaka 4, na hakuna sehemu ya mwili isiyouma.

23 mwezi wa nne

Nimemsimulia Fabiola. Viatu vyake vyeupe vimekuwa vya udongo, ameacha kuvipigania. Alisema kusoma mbele ya Pétronille hakukuwa kwenye ngazi. Nikamwambia ngazi yake ilikuwa fupi.

Nikamuuliza kama nitaweza tarehe 11. Nikasikia mwenyewe ninachofanya. Nikasema, "Usijibu."

"Sikuwa nataka kujibu," akasema.

30 mwezi wa nne

Olga amekuja kusaga. Amesimama kwenye foleni kama kila mtu. Zamu yake ilipofika akasema maji yametoka nyumbani kwake, yamemwachia tope na kambale mmoja chini ya kitanda. "Nilimupika," akasema. Sijamsamehe. Nimecheka.

4 mwezi wa tano

Neno mara 14. Nimefuta mara 1.

9 mwezi wa tano

Mara 40. Nimefuta mara 6. Siku zimekaribia, limeamka. Sitaficha namba.

11 mwezi wa tano

Watu wa Lubarika walifika saa tatu, magari mawili na pikipiki tano, tope mpaka madirishani. Mvua ilisimama. Ua umejaa, mapaa ya jirani yamejaa watoto. Franck ndani ya suti iliyombana mabegani, anajifuta jasho na tai.

Alliance akatoka chumbani, akapiga magoti mlangoni. Pétronille alisimama karibu nami, karibu mno, bega kwa bega, midomo yake tayari. Aliyajua maneno yote. Nilijua amefanya mazoezi.

Nikaweka mkono. Nywele zake zilikuwa za moto. Na hapo likaja, kabla sijafungua mdomo, kama nilivyojua litakuja. Afe. Nikaliacha likae. Nikasema juu yake:

"Alliance, binti yangu na Ildephonse. Nenda kwa amani. Uwe na afya. Usikose chakula mezani. Mungu akutangulie njia yote."

Nikanyanyua mkono.

Ndipo nikasikia nilichoruka. Baada ya afya huja watoto. "Uwe na afya, uwe na watoto, usikose chakula." Hivyo ndivyo husemwa, kila mtu anajua. Katika maneno yote ya dunia, nimeruka lile.

Pétronille akaniminya mkono. Akanong'ona, lakini mnong'ono wa Pétronille unafika barabarani: "Watoto! Umesahau watoto. Rudia."

Mama mmoja wa Lubarika akasema, "Ndiyo, arudie, si mubaya." Venant alikuwa ananitazama, bibi yake kando yake anamtazama yeye.

Wala hawakuwa wabaya. Mama yeyote mwenye kichwa kizima angerudia, watu wangepiga makofi, kazi ingeisha. Lakini mimi nalijua lile. Lingekuwa la kwanza kati ya saba, na baada ya saba lisingekuwa na mwisho. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kidogo kuelekea kichwa chake. Niliuona. Hofu 10, na kama kuna kumi na nne, ilikuwa kumi na nne.

Nikaushusha.

"Nimesema," nikasema.

"Lakini wifi, watoto!"

"Nimesema, Pétronille."

Alliance hakuinua macho kuniuliza. Akasimama, akakung'uta magoti, akavuka kizingiti. Wanawake wa Lubarika wakasita kidogo, kisha mmoja akapiga vigelegele, wengine wakafuata.

14 mwezi wa tano

Siku tatu. Siku ya kwanza 10, ya pili 9, leo asubuhi 7. Mto umekata barabara ya uwandani, ile ya Lubarika, hakuna gari linalopita. Simu iko mezani. Sijapiga kuuliza kama Alliance ni mzima.

Pétronille amekuja saa mbili na mabuti ya mvua, amefunga kitambaa kichwani, tayari kwa safari. Anataka barabara ikifunguka twende Lubarika nikamalizie lile neno moja. Ameshapata pikipiki.

"Hapana," nimemwambia.

"Neno moja tu, Geneviève. Itakugharimu nini?"

"Mwaka mzima. Kaa, unywe chai."

Akakaa. Akalia kidogo, akanywa chai, akasema niliweka mkono vizuri. Nikamwambia asante ya kumbeba Alliance mgongoni. Sikuwahi kumwambia.

Saa nne simu imelia. Alliance.

"Mama, sombe ya hapa inakuwa chungu. Weye unafanyaka namna gani?"

Hakuuliza juu ya baraka. Nami sikuuliza kama anaumwa, kama analala vizuri, kama watu wanamsema. Nikamwambia yale majani ya muhogo ayatwange vizuri, achemshe, amwage maji ya kwanza, achemshe tena.

"Kisha?"

Neno likaja. Asizae. Pétronille alikuwa ananitazama mdomo.

"Kisha vitunguu," nikasema. "Mawese unatia mwisho, si mwanzo. Na chumvi uonje mwenyewe."